Sura ya Sita: Bildi Iliyofeli ni Jukumu la Nani

Bildi na namna inavyofeli

Programu kubwa ya kompyuta huandikwa na watu wengi, kila mmoja kwenye mashine yake. Vipande vyao hukusanywa mahali pamoja panapoitwa hazina ya msimbo. Kipande kipya kinapoingia, seva maalumu hukichukua pamoja na vingine vyote, huugeuza msimbo kuwa programu inayoweza kuendeshwa, kisha huipitisha programu hiyo kwenye majaribio yaliyoandikwa tayari. Kazi hiyo yote, tangu kukusanya hadi kujaribu, wanaprogramu huiita bildi. Ikimalizika salama, taa ya kijani huwaka kwenye ukurasa wa mradi. Ikikwama popote, taa huwa nyekundu, na wote walio kwenye mradi hupata taarifa kwamba bildi imefeli.

Bildi hufeli kwa njia nne kuu. Ya kwanza ni msimbo wenyewe kutogeuzika: mtu amekosea herufi, amesahau kuongeza faili, au ametumia jina ambalo mwenzake alikwisha kulibadilisha. Ya pili ni jaribio kufeli: programu inajengeka vizuri, lakini inatoa jibu tofauti na lililotarajiwa. Ya tatu hutoka nje ya msimbo wa mradi: diski ya seva imejaa, au maktaba ya msimbo inayopakuliwa kutoka kwenye intaneti imeondolewa au imebadilishwa. Ya nne ni jaribio kigeugeu, lile linalopita asubuhi na kufeli mchana bila mtu kugusa chochote.

Aina mbili za kwanza kwa kawaida zina mtu wa kuulizwa, kwa kuwa badiliko lililotangulia taa nyekundu lina jina la mwandishi wake. Aina mbili za mwisho hazina mwenyewe, na hapo ndipo miradi mingi hukwama. Kanuni ya kwamba aliyeharibu ndiye atengeneze ina haki ndani yake, lakini haitoshi. Mradi unaotegemea kanuni hiyo peke yake utakaa na taa nyekundu kila mara aliyeharibu anapokuwa amelala, anapokuwa safarini, au anapokuwa hayupo kabisa.

Gharama ya taa nyekundu

Tawi kuu la msimbo ndilo ambalo kila mchangiaji huanzia kazi yake. Asubuhi huchukua nakala mpya ya tawi hilo, huandika badiliko lake, kisha hulirudisha, kitendo ambacho wanaprogramu hukiita kusukuma. Tawi likiwa limevunjika, anachukua ubovu wa mwenzake pamoja na msimbo. Badiliko lake likifeli, hajui kama kosa ni lake au amelirithi, na hutumia muda kutafuta ndani ya kazi yake kitu ambacho hakimo. Watu kumi wakipoteza saa moja kila mmoja kwa namna hiyo, mradi umepoteza zaidi ya siku nzima ya kazi, ingawa ubovu wenyewe huenda ungetengenezwa kwa dakika tano.

Gharama ya pili ni kwamba kosa moja huficha mengine. Taa ikishakuwa nyekundu, kosa jingine likiingia haliongezi wekundu wowote. Baada ya wiki moja yanaweza kuwa yamerundikana makosa manne, na anayejaribu kutengeneza la kwanza anakutana na la pili, halafu la tatu, kila moja limeandikwa na mtu mwingine aliyekwisha kusahau alichofanya.

Gharama ya tatu ni mazoea, nayo ndiyo nzito kuliko zote. Watu wakiona wekundu kila siku huacha kuutazama. Barua pepe za seva hupelekwa moja kwa moja kwenye folda isiyofunguliwa, na majaribio yaliyoandikwa kwa jasho hubaki pale bila kumlinda mtu yeyote.

Bildi iliyofeli haimfikii mtumiaji wa programu moja kwa moja, kwa kuwa toleo lililovunjika halitolewi. Kinachomfikia ni marekebisho yaliyochelewa, au kosa lililopenya kwa sababu waliopaswa kulizuia walikwisha kuzoea onyo. Katika programu ya mchezo hilo ni usumbufu tu. Katika programu inayotunza kumbukumbu za wagonjwa, uzito wake ni mwingine kabisa.

Desturi ilikotoka

Kujenga programu nzima kila siku ni desturi iliyojulikana sana kupitia Microsoft. Steve McConnell, akiandika katika jarida la IEEE Software mwaka 1996, alieleza kwamba toleo la kwanza la Windows NT lilikuwa na mistari milioni 5.6 ya msimbo katika faili 40,000 hivi, na kwamba bildi moja kamili ingeweza kuchukua saa 19 kwenye mashine kadhaa. Hata hivyo iliendeshwa kila siku. Mantiki yake ni nyepesi: kosa lililoingia jana hutafutwa ndani ya kazi ya siku moja, na kosa lililoingia miezi mitatu iliyopita hutafutwa ndani ya kazi ya miezi mitatu.

Mhandisi wa programu Grady Booch alikwisha kutumia, mapema miaka ya tisini, dhana ya uunganishaji endelevu, yaani kuunganisha kazi za wote mara kwa mara. Kent Beck na wenzake, katika mradi wa mishahara wa kampuni ya magari ya Chrysler miaka ya tisini, waliifanya kuwa kazi ya kila saa chache badala ya kila siku. Mfumo wao wa kazi, ambao Beck aliueleza katika kitabu mwaka 1999, ulikuwa na kanuni ya pili inayogusa moja kwa moja mada hii: msimbo wote ni mali ya timu nzima, na yeyote anaruhusiwa kurekebisha sehemu yoyote. Bila ruhusa hiyo, wajibu wa pamoja hubaki maneno matupu, kwa sababu mtu hawezi kuwajibika kwa kitu asichoruhusiwa kukigusa.

Mwaka 2000 Martin Fowler na Matthew Foemmel waliandika makala iliyoeneza desturi hiyo duniani, na mwaka 2001 ikatoka CruiseControl, programu huria ya kuendesha bildi kila badiliko linapoingia. Kohsuke Kawaguchi, mhandisi wa Sun Microsystems, alianza kuandika Hudson mwaka 2004. Mwaka 2011, baada ya mvutano na kampuni ya Oracle juu ya jina, jamii ya watumiaji wake iliiendeleza kwa jina la Jenkins, ambalo hadi leo ni jina la kawaida kwenye seva za bildi. Teknolojia ya kutambua kwamba bildi imefeli ilikwisha kukamilika. Kilichobaki kuwa kigumu ni mpangilio wa watu.

Mradi uliozaliwa Eldoret

Afrika Mashariki ina mfano wake mkubwa wa kazi ya aina hii. Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief ya Indianapolis, Marekani, walifika Eldoret, Kenya, ambako mpango wa AMPATH, ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Rufaa ya Moi na Chuo Kikuu cha Indiana, ulikuwa ukihudumia wagonjwa wa UKIMWI walioongezeka kwa kasi. Mfumo wa kumbukumbu uliokuwepo, uliotokana na kazi iliyoanzia kituo cha afya cha Mosoriot mwaka 2001, usingeweza kubeba idadi hiyo. Kutokana na safari hiyo ulianza OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa. Shirika la Partners In Health na Baraza la Utafiti wa Tiba la Afrika Kusini waliingia mapema, na Februari 2006 mfumo ulianza kutumika Eldoret. Kenya na Uganda baadaye zilijenga juu yake mifumo yao, KenyaEMR na UgandaEMR.

OpenMRS imejengwa kwa kiini kimoja na moduli nyingi. Kiini hutunza mambo ya msingi, kama vile mgonjwa ni nani, alifika lini, na alipimwa nini. Moduli huongeza kazi mahususi, na nyingi kati yake zina hazina zake na watunzaji wake. Mpangilio huu huruhusu nchi na hospitali kuchukua kinachowafaa. Lakini una tabia moja inayosumbua: badiliko dogo ndani ya kiini linaweza kupita majaribio yote ya kiini, kisha likavunja bildi ya moduli iliyoandikwa na mtu mwingine, katika nchi nyingine, miaka kadhaa nyuma. Aliyebadilisha hajaona taa nyekundu yoyote. Mwenye moduli anaiona, na hajagusa chochote.

Saa nazo ni sehemu ya tatizo. Mchangiaji wa Indianapolis anayesukuma badiliko saa kumi na moja jioni, kabla ya kufunga kazi, analisukuma wakati Eldoret, Kampala na Dar es Salaam ni saa sita au saa saba usiku, kutegemea majira. Bildi ikifeli baada ya yeye kuondoka, wa kwanza kuiona ni watu wa Afrika Mashariki wanaofungua kompyuta saa mbili asubuhi, wakati yeye yuko usingizini. Kumsubiri aamke ni kupoteza siku nzima ya kazi ya upande huu wa dunia. Mambo huwa hivyo hivyo kinyumenyume pale mchangiaji wa Kampala au Tanga anaposukuma badiliko, umeme ukakatika au bando likaisha, akatoweka hewani kwa saa kadhaa bila kosa lake.

Tanzania inaujua ushirikiano wa aina hii kupitia DHIS2 pia, mfumo huria wa takwimu za afya unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, uliotokana na mtandao ulioanzia Afrika Kusini mwaka 1994. Kenya iliuweka nchi nzima kupitia intaneti mwaka 2011, na kufikia 2014 ulikuwa umeenea mikoa yote ya Tanzania Bara, huku wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakishiriki katika kuujenga na kuufundisha. Takwimu ambazo wahudumu wa zahanati za Pangani huziandika katika vitabu vya MTUHA huishia katika mfumo huo. Mlolongo unaoanzia kwenye kalamu ya muuguzi na kufika Wizarani unapita juu ya msimbo ulioandikwa na watu wa mabara kadhaa, na uimara wake unategemea watu hao kutoachiana ubovu.

Wajibu wa wote na jina la mmoja

Kusema kwamba bildi ni jukumu la wote ni rahisi, na kwa peke yake kauli hiyo huleta madhara. Mwaka 1968 wanasaikolojia John Darley na Bibb Latané walichapisha jaribio lililofanyika New York. Mwanafunzi aliyeketi peke yake chumbani alimsikia mwenzake, kupitia vipokea sauti vya masikioni, akionekana kushikwa na kifafa. Kati ya waliodhani kwamba hakuna mwingine anayesikia, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla tukio halijaisha. Kati ya waliodhani kwamba wengine wanne wanasikia pia, ni asilimia 31 tu waliofanya hivyo. Watu hao hawakuwa wabaya zaidi. Kila mmoja aliweza kudhani kwamba mwingine amekwisha kwenda kutafuta msaada.

Barua pepe ya bildi iliyofeli inayokwenda kwa watu arobaini huzaa hali ile ile. Kwa upande mwingine, watu watano wakiamka kwa pamoja na kutengeneza kila mmoja kivyake, marekebisho hugongana na ubovu huongezeka. Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Kwa hiyo wajibu wa pamoja hauna budi kugawanywa katika majukumu manne yanayojulikana kabla ya taa kuwa nyekundu.

Aliyesukuma badiliko ana wajibu wa kwanza. Hasukumi na kuondoka, bali hubaki mpaka bildi imalizike. Ikifeli, huwaambia wenzake mara moja kwamba ameiona na anaishughulikia. Akijua kwamba hataweza kubaki, hangoji bahati, bali huacha kusukuma hadi kesho.

Mshika zamu ana wajibu wa pili. Huyu ni mtu mmoja, mwenye jina lililoandikwa kwenye ratiba, ambaye kwa siku au wiki hiyo ndiye mwangalizi wa taa. Miradi ya Mozilla na Chromium imekuwa na watu wa namna hii kwa miaka mingi, na inawapa mamlaka ya kuondoa badiliko la mtu yeyote linalovunja bildi bila kusubiri idhini yake. Mamlaka hiyo ndiyo kiini cha kazi. Mshika zamu asiye nayo anabaki kuwa mpiga mbiu.

Mtunzaji wa sehemu ana wajibu wa tatu. Bildi ikifeli ndani ya moduli yake, hata kama hakuibadilisha, yeye ndiye anayejua maana ya majaribio yake, hivyo anapaswa kujibu anapoulizwa na kusaidia kuamua kama moduli ndiyo ifuate kiini au kiini kirudi nyuma.

Wengine wote wana wajibu wa nne, nao ni mwepesi lakini haukwepeki: kutosukuma mabadiliko mapya juu ya tawi lililovunjika, kuandika wanachokijua, na kushika kazi pale ambapo hakuna aliyeishika. Katika vijiji vya mkoa wa Tanga, mtaro wa maji au barabara ikiharibika huitishwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji. Mwenye shamba la juu na wa shamba la chini hutoka na majembe yao, na suala la ng'ombe wa nani aliyebomoa ukingo huzungumzwa baada ya maji kurudi. Mpangilio huo ndio unaohitajika hapa, pamoja na msimamizi wake, kwa kuwa msaragambo usio na msimamizi hauishi.

Hatua za ukarabati

Chukulia mradi wa kliniki ya mama na mtoto. Mchangiaji amebadilisha namna ya kuhesabu umri wa mtoto kwa miezi, na bildi imefeli. Seva imeandika kwamba katika jaribio la mtoto aliyezaliwa tarehe 15 Machi na kuletwa kliniki tarehe 10 Desemba, ilitarajiwa 8 na imepatikana 9. Badiliko limeanza kuhesabu mwezi ambao haujatimia.

Hatua ya kwanza ni kutangaza umiliki. Mtu mmoja huandika mahali ambapo timu huzungumza kwamba ameiona bildi na anaishughulikia, akitaja saa. Sentensi hiyo moja huwazuia wengine wasirudie kazi, na huwapa ruhusa ya kuendelea na yao.

Hatua ya pili ni kusoma ujumbe wa kosa mpaka mwisho. Hatua hii hurukwa mara nyingi kuliko inavyodhaniwa. Ujumbe wa mfano huu unataja jaribio, tarehe mbili na namba mbili, na aliyeusoma amekwisha kupata nusu ya jibu.

Hatua ya tatu ni kurudisha tawi kuu katika uzima kwa njia ya haraka kuliko zote, ambayo kwa kawaida ni kuliondoa badiliko lililoleta tatizo. Kuliondoa si kulikataa, kwa kuwa mwandishi wake atalirudisha likiwa zima. Kipimo kizuri ni muda: kama marekebisho hayawezi kukamilika ndani ya dakika kumi au kumi na tano, badiliko litoke kwanza na uchunguzi ufuate. Waliokuwa wamezuiliwa huendelea na kazi, na anayechunguza hufanya hivyo bila watu kumhimiza.

Kama haijulikani ni badiliko lipi lililoleta tatizo, kuna njia ya kugawa nusu kwa nusu. Git, programu ya kutunza historia ya msimbo iliyoandikwa na Linus Torvalds mwaka 2005, ina amri ya kazi hiyo. Hujaribu badiliko la katikati, huona liko upande wa kijani au wa nyekundu, kisha hugawa tena nusu iliyobaki. Mabadiliko 100 humalizika kwa majaribio saba hivi, na mabadiliko 1,000 kwa majaribio kumi.

Hatua ya nne ni kutengeneza chanzo. Hapa kuna kishawishi kikubwa cha kubadilisha jaribio, kuandika 9 mahali pa 8, na taa ikawa ya kijani. Katika mfano huu kishawishi hicho kingekuwa na matokeo ya kweli, kwa kuwa chanjo ya kwanza ya surua na rubella Tanzania hutolewa mtoto akitimiza miezi tisa. Mtoto wa miezi minane angeingia kwenye orodha kabla ya wakati wake. Jaribio hubadilishwa pale tu inapothibitika kwamba lenyewe ndilo lililokosea, na aliyelibadilisha huandika sababu.

Hatua ya tano ni makabidhiano. Kazi isipokwisha kabla ya mtu kuondoka, huandika amefika wapi, amejaribu nini, anashuku nini, na nani anaipokea. Katika mradi wenye watu wa Eldoret na Indianapolis, aya moja ya namna hiyo inaokoa siku nzima. Bila aya hiyo, anayeamka huanza upya.

Ubovu utokao nje na majaribio vigeugeu

Tarehe 22 Machi 2016 mwanaprogramu Azer Koçulu aliondoa maktaba zake kwenye ghala la maktaba za msimbo liitwalo npm, baada ya kutokubaliana na uamuzi wa waendeshaji wa ghala juu ya jina la mojawapo. Kati ya alizoondoa ilikuwamo left-pad, yenye mistari 11 ya msimbo, ambayo kazi yake ilikuwa kujaza nafasi upande wa kushoto wa maandishi. Maelfu ya bildi duniani zilifeli, nyingi zikiwa za watu ambao hawakujua kwamba wanaitegemea, kwa kuwa ilikuwa ndani ya maktaba nyingine walizozitumia. Dakika kama kumi baadaye mwanaprogramu mwingine alichapisha maktaba mbadala kwa jina lile lile, na kwa kuwa hilo halikumaliza tatizo lote, ndani ya saa chache waendeshaji waliirudisha ile ya awali.

Tukio hilo linaonyesha aina ya ubovu ambayo haina mkosaji ndani ya timu. Kumtafuta ni kupoteza muda. Mshika zamu huchukua kazi, na timu baadaye hupunguza hatari kwa kutaja matoleo kamili ya maktaba wanazozitumia na kuhifadhi nakala zake kwenye seva yao. Kwa wachangiaji wa Afrika Mashariki nakala hizo zina faida ya pili, maana kupakua upya maktaba zote za mradi mkubwa wa Java humaliza bando.

Majaribio vigeugeu ni adui wa polepole. Mwaka 2016 Google ilieleza kwamba karibu asilimia 16 ya majaribio yake yalikuwa na dalili fulani ya ugeugeu, na kwamba asilimia 84 ya mara ambazo jaribio lilitoka kupita likafeli zilihusisha jaribio kigeugeu. Katika hali hiyo mtu hujifunza kubonyeza kitufe cha kurudia mpaka taa iwe ya kijani, na siku ya kosa la kweli hufanya vivyo hivyo. Jaribio kigeugeu litolewe kwenye bildi kuu, liandikwe kwenye orodha ya kazi na kupewa mtu na tarehe. Likiachwa bila mtu wala tarehe, limefutwa bila kutangazwa.

Kuzuia kabla ya kuponya

Njia iliyo bora zaidi ni kulijaribu badiliko kabla halijaingia tawi kuu. Graydon Hoare, mwanzilishi wa lugha ya Rust, aliusimamia mradi wa lugha hiyo tangu mapema kwa roboti iitwayo bors, ambayo huunganisha badiliko na tawi kuu pembeni, huendesha majaribio yote, na kuliingiza pale tu yanapopita. GitHub ilifungua kwa wote foleni ya kuunganisha yenye mantiki hiyo hiyo mwaka 2023. Kinga hii hupunguza sana taa nyekundu, hasa zile zinazotokana na mabadiliko mawili ambayo kila moja ni zima peke yake lakini yakikutana hugombana. Haiondoi ubovu utokao nje, wala ule unaojitokeza ndani ya moduli zilizo katika hazina nyingine.

Miradi miwili mikongwe imeonyesha namna ya kugawana kazi pale ambapo kinga haitoshi. Katika Linux, Stephen Rothwell alianzisha mwaka 2008 tawi la linux-next, ambamo matawi mamia ya watunzaji mbalimbali huunganishwa kila siku ya kazi kabla ya kufika kwa Torvalds. Tawi la mtunzaji likivunja bildi, mratibu anaweza kutumia toleo lake la siku iliyotangulia na kumwandikia mwenyewe alitengeneze. Mratibu hulinda mali ya wote, na mtunzaji hutengeneza cha kwake.

Debian, mradi wa kusambaza programu huria katika vifurushi ulioanzishwa mwaka 1993, unalo jibu kwa swali gumu zaidi: itakuwaje mtunzaji asipojibu? Kifurushi kisichojengeka kutoka kwenye msimbo wake huhesabiwa kuwa na kasoro kubwa inayoweza kukizuia kuingia katika toleo linalofuata. Mwanachama mwingine anaruhusiwa kukitengeneza na kukipakia bila kuwa mtunzaji wake, kwa masharti: atoe taarifa, aambatishe marekebisho yake kwenye ripoti ya kasoro, abadilishe kile tu kinachohitajika, na kwa kawaida amwachie mtunzaji siku kadhaa za kujibu. Heshima ya mwenye kifurushi inalindwa, na mradi haukwami kwa sababu ya mtu mmoja kukaa kimya.

Lawama na mafunzo

McConnell alisimulia timu zilizowavisha pembe za mbuzi waliovunja bildi, au kuwatoza dola tano za mfuko wa burudani. Kwa marafiki walioketi chumba kimoja mambo hayo yalipita kama utani. Katika mradi wa wachangiaji wasiojuana, wengi wao wakiwa wageni, hayafai. OpenMRS ilianza kupokea wanafunzi kupitia mpango wa Google Summer of Code mwaka 2007. Kijana anayesukuma badiliko lake la kwanza, kisha akakemewa mbele ya watu wa nchi kumi, hujifunza kuficha makosa au huondoka. Yote mawili ni hasara.

John Allspaw, alipokuwa kampuni ya Etsy, aliandika mwaka 2012 juu ya kuchunguza hitilafu bila kutafuta wa kulaumiwa, na desturi hiyo imeenea. Uchunguzi huuliza ni kitu gani kilichomfanya mtu mwenye akili timamu aone kwamba alichofanya kilikuwa sahihi kwa wakati huo. Majibu yake hutengenezeka: jaribio halikuwepo, maelekezo yalikuwa ya zamani, bildi ya mashine binafsi ilitofautiana na ya seva. Kutolaumu hakumwondolei mtu wajibu. Aliyevunja bado anatarajiwa kujitokeza wa kwanza, na hujitokeza kwa wepesi zaidi anapojua kwamba atapokelewa kwa msaada.

Kanuni kwa mradi mdogo

Kikundi cha watu wanne au watano wanaoandika programu Tanga, Pangani au Muheza hakihitaji roboti ya Rust wala waratibu wa Linux. Kinahitaji kanuni sita, zinazoenea kwenye ukurasa mmoja wa maelekezo ya mradi. Anayesukuma abaki mpaka bildi imalizike. Kila wiki awepo mshika zamu mmoja mwenye jina. Mshika zamu awe na mamlaka ya kuondoa badiliko la yeyote, la kiongozi wa kikundi likiwamo. Tawi kuu likivunjika, kazi mpya isubiri. Jaribio lisibadilishwe ili kupendeza taa. Kila ukarabati uache maandishi mafupi ya nini kilitokea na nini kimebadilishwa ili kisitokee tena.

Kanuni hizo hazina gharama ya fedha, na zinafaa kuandikwa siku mradi unapoanza, kabla ya taa nyekundu ya kwanza. Kikundi kitakachozizoea kikiwa na watu watano kitaweza kuingia katika mradi wa watu mia tano na kuaminiwa, kwa sababu kitakuwa kinajua tayari kwamba bildi ikifeli, kazi ya kwanza ya kila mmoja ni kuhakikisha yupo mtu anayeitengeneza.